Ndumilakuwili na Wasomaji Wake wa Ziwani

Tangu reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji huu umekuwa na ada ya kupokea mambo ya pwani baada ya watu wa pwani wenyewe kuanza kuyachoka. Santuri za dansi, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni na misemo ya vijiweni vilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, vikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ndipo vikateremshwa penye stesheni iliyo jirani na maji; na aghalabu kilichokuwa kipya Kariakoo kilikuwa kimekwisha kuchakaa kabla mtu wa Kirumba au Igogo hajakitia mkononi. Kwa magazeti ya habari kuchelewa huko kulikuwa hasara tupu, maana habari iliyolala njiani siku tatu hukuta redio imekwisha kuimaliza. Kwa jarida la vichekesho vya picha mambo yalikuwa mengine. Mjanja aliyemghilibu jirani yake mwezi wa Machi huchekesha vile vile mwezi wa Aprili, wala ujanja wake haupungui kwa kupanda treni. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba miongoni mwa vitu vyote vilivyochapwa pwani na kusomwa katika mji huu, hakuna kilichovumilia masafa vizuri kuliko hadithi za picha za jarida la Sani, na hakuna kilichopendwa, kikaachwa, kisha kikapendwa tena kwa namna ya ajabu kama hicho.

Kabla ya kulitaja jarida sina budi nimtaje msomaji, kwa kuwa wanaoandika mintarafu ya vitabu na magazeti husahau mara nyingi kwamba msomaji naye ana tarehe yake. Katika mwaka 1967, kwa hesabu zilizotangazwa na Serikali, takriban watu wazima 67 katika kila mia walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata Serikali, ikisaidiwa na UNESCO, ilianzisha katika mikoa ya Ziwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima, makao yake yakiwa hapa Mwanza, na vitabu vyake vya kisomo vilijengwa juu ya kazi za watu wa upande huu: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na malezi ya nyumbani. Majaribio yalipofaulu, mpango ukatandazwa nchi nzima, na kufikia 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hata kuwa 39 katika mia. Kufikia 1986 hawakutimia kumi. Katikati ya miaka ile ya 1970 mikoa ya Ziwa ilipewa hata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliohitimu kisomo wasije wakasahau herufi walizozipata kwa taabu.

Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa, na mimi si mmoja wa wale wanaoidharau. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo wapangaji wake hawakulitia katika hesabu. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa pamba hatakubali kusoma pamba maisha yake yote. Akikwisha kuzimudu herufi hutaka kujua fulani alimfanyia nini fulani, na mke wa nani alionekana wapi, na yule tapeli aliyekimbia na pesa za watu alikamatwa au hakukamatwa. Elimu ya watu wazima ilitengeneza maelfu ya wasomaji kandokando ya Ziwa. Kuwapa cha kusoma kwa raha zao hakukuwamo katika mpango, na pengo hilo likabaki wazi likimngoja wa kuliziba.

Si kwamba hapakuwa na kitu kabisa. Tangu 1967 gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga, kiumbe wa mchoraji Christian Gregory, ambaye umaarufu wake ulikuwa mkubwa hata watu wengi wakawa wanaita kila mchoro wa kuchekesha kwa jina lake. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alikuwa ameleta Film Tanzania, jarida ambalo hadithi zake zilisimuliwa kwa picha za kamera, watu halisi wakiigiza na maneno yakiandikwa pembeni, kwa mfano wa yale majarida ya Lance Spearman yaliyokuwa yakizunguka Afrika yote. Na kwa kuwa Mwanza ilitazama Kisumu kama ilivyotazama Dar es Salaam, huku meli za Ziwa zikienda na kurudi, haikuwa vigumu kukutana na magazeti ya Kenya, ambamo Edward Gitau alikuwa akimchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950, kwanza katika Tazama, baadaye katika Taifa Leo. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, meli zikagawanywa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa na usifunguliwe hata mwishoni mwa 1983. Watu hutaja biashara na jamaa waliotenganishwa na mpaka ule, nao wana haki. Ila Juha Kalulu naye alibaki ng'ambo, na msomaji wa Mwanza akalazimika kutazama kusini peke yake.

Wakati huo huo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Said Bawji na Nicco ye Mbajo waliungana wakaanzisha jarida Dar es Salaam, wakaliita Sani, jina lililokusanya herufi za mwanzo za majina yao mawili. Msomaji wa leo, aliyezungukwa na magazeti ya kila rangi, ni shida kwake kuelewa ushupavu uliokuwamo katika tendo hilo. Magazeti ya kila siku yalikuwa ya Serikali na ya Chama. Redio ilikuwa moja. Televisheni Tanzania Bara haikuwako. Karatasi ilikuwa adimu, na nchi ilikuwa imeingia au inaingia katika vita ya Kagera, vita ambayo watu wa Mwanza waliionja mwaka 1979, ndege ya adui iliyokusudia kulipiga ghala la mafuta la mji ilipokosea shabaha na kuangusha mabomu katika kisiwa cha Saanane, ikawaua swala wasio na kosa. Katika hali hiyo watu wawili wakathubutu kuchapa jarida lisilo la chama, wala la dini, wala la wizara, ambalo shabaha yake ilikuwa kumchekesha mtu na kumsimulia hadithi, basi.

Aliyelipa jarida hilo roho yake alikuwa kijana mmoja mchoraji, Philip Ndunguru. Kalamu yake iliwaleta duniani, au iliwapa umbo lililobaki, watu ambao Watanzania wa rika la kati wanawajua kama wanavyowajua majirani wa utotoni: Ndumilakuwili, ambaye jina lake lilimtangulia kama hati ya mashitaka, Lodi Lofa, mtu asiye na kazi wala senti ambaye hata hivyo hujiona bwana mkubwa, Pimbi, mfupi wa kimo, Kipepe, na Madenge, mtoto mtukutu ambaye kila mzazi alidai kwamba wake ndiye aliyechorwa. Hawakuwa mashujaa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuwekwa katika kitabu cha shule kuwa mfano mwema, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya jarida. Nchi ilikuwa imejaa mifano myema. Mabango yalimwonyesha mkulima hodari, mfanyakazi hodari, mwanafunzi hodari, wote wakitazama mbele kwa kidevu kilichoinuliwa. Ilhali mtu halisi alikuwa amesimama katika foleni ya sukari tangu alfajiri, akimtazama aliyemtangulia kwa wasiwasi kama ana jamaa dukani. Ndunguru alichora foleni hiyo kwa maana, hata pale ambapo hakuchora foleni yenyewe. Watu wake walikuwa wakitafuta: chakula, pesa, mwanamke, mahali pa kulala, kisingizio. Mwaka 1983, Serikali ilipowasaka wahujumu uchumi na watu wakawa wanatupa sabuni na vitenge usiku ili wasikutwe navyo, msomaji wa Sani alikuwa amekwisha kuwazoea watu wa namna ile kwa miaka kadhaa. Sitaki kudai kwamba mchoraji alifanya siasa. Alifanya jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kuwatazama watu bila kuwahubiria.

Sasa nimrudie msomaji wa Mwanza, kwa sababu namna alivyolisoma jarida hili ina uzito sawa na namna lilivyochorwa. Nakala chache zilifika, na nakala moja ilipoingia katika kibanda cha kinyozi haikutoka tena ikiwa nzima. Ilikuwa karatasi ya gazeti, nyepesi, iliyopauka, yenye pini mbili mgongoni. Baada ya juma moja jalada lilikuwa limekwisha kung'oka, kurasa za katikati zimelegea, na pembe zote zimekunjwa na kuwa nyeusi kwa vidole vilivyotiwa mate ili kufunua. Asomaye aliketi katikati ya benchi, na haki yake ya kuketi pale ilitokana na wepesi wa ulimi wake, si na umiliki wa jarida. Alisoma kwa sauti, kidole kikitembea kisanduku kwa kisanduku. Wengine wakaangalia picha juu ya mabega yake, na aliyekwisha kuisoma hadithi katika kibanda kingine alikatazwa kwa ukali asicheke kabla ya wakati. Palikuwa na wazee waliopita katika kisomo lakini macho yakiwa hayawasaidii tena, na hao ndio waliokuwa wasimamizi wakali kuliko wote. "Soma taratibu, mjukuu wangu, hapo umeruka kisanduku." Naye mjukuu hana budi kurudi nyuma, kwa kuwa mzee ameona kwamba kofia iliyokuwa kichwani mwa Lodi Lofa haiko tena, wala haijaelezwa imekwenda wapi.

Kutoka kibandani nakala iliazimwa, kutoka kwa aliyeazimwa ikaazimwa tena, na zilikuwako zilizovuka maji katika mifuko ya abiria wa M.V. Victoria kwenda Bukoba usiku, au katika vyombo vya Nansio kwenda Ukerewe. Mpaka ifike huko, toleo lililofuata lilikuwa pengine limekwisha kutoka, pengine halijatoka kwa kukosa karatasi, na hakuna aliyejua. Chini ya kisanduku cha mwisho limeandikwa neno "Itaendelea", na neno hilo katika Dar es Salaam lilimaanisha mwezi ujao, bali kandokando ya Ziwa lilimaanisha Mungu akipenda. Muda wa kungoja ulijazwa na watu wenyewe. Walibishana kuhusu kitakachotokea, wakatunga miisho yao, wakaisimulia hata ikasadikiwa. Na toleo la kweli lilipofika, wapo walioliona limekosea. Nataka msomaji alishike jambo hili, maana ndilo litakalotufaa mbele.

Mwaka 1986 Ndunguru alifariki dunia, akiwa bado kijana. Miaka ya kazi yake ilikuwa michache mno ukiilinganisha na kivuli alichokiacha. Jarida halikufa naye: wachoraji wengine waliwachukua watu wake, na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe na Madenge wakaendelea kudanganya, kudanganywa na kupigwa kama ilivyokuwa ada yao. Lakini msomaji wa picha huutambua mkono kama mwenye nyumba atambuavyo hatua za watoto wake ukumbini, hata gizani. Katika vibanda vya Mwanza watu walianza kusema kwamba huyu si yeye. Sura ni ile, nguo ni zile, jina ni lile, ila si yeye. Hawakuwa na maneno ya kueleza kasoro ilikuwa wapi, na huenda kasoro haikuwako kabisa, kwa kuwa miongoni mwa waliofuata walikuwamo mafundi wa kweli. Huzuni humfanya mtu kuwa mkaguzi. Kila mstari ulipimwa kwa mstari wa marehemu, na kwa kuwa marehemu hawezi tena kuchora mstari mbaya, hakuna aliye hai aliyeweza kumshinda.

Wafaransa na Wabelgiji walikuwa wamekutana na jambo hilo hilo miaka mitatu kabla. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin tangu 1929, alikufa mwaka 1983, na kwa kuwa alikuwa ameeleza kwamba hataki mtu mwingine amwendeleze kijana yule, Tintin akafungwa pamoja na mwenyewe. Kitabu cha mwisho kikatolewa hivyo hivyo kikiwa rasimu isiyomalizika. Kuna heshima katika njia hiyo, na wapenzi wa Tintin huipenda heshima hiyo. Kenya nayo ilipewa majaliwa mengine, kwani Gitau aliishi hata uzee na akamchora Juha Kalulu kwa zaidi ya nusu karne, mpaka alipofariki mwaka 2016, hata wajukuu wa wasomaji wake wa kwanza wakamjua Kalulu kwa mkono ule ule. Sisi hatukupewa hili wala lile. Mwenye mkono aliondoka mapema, na watu wake wakabaki mtaani bila wakili.

Hata hivyo nakataa kauli inayosikika mara nyingi, kwamba kifo cha Ndunguru ndicho kilichozima shauku ya wasomaji. Kiliitikisa, hilo sibishani. Kilichoizima ni shibe. Miaka ya 1990 ilileta vyama vingi mwaka 1992, na pamoja navyo yakaja magazeti ya watu binafsi kwa makumi. Mwaka 1994 televisheni za kibiashara zikaanza Dar es Salaam. Na majarida ya vichekesho yakaongezeka, Bongo, Tabasamu na mengineyo, pamoja na Kingo la James Gayo, aliyemchora bwana wake yule mwenye kitambi kwa ustadi wa kupendeza. Wachoraji wakapata kazi za maana katika magazeti ya siasa. Godfrey Mwampembwa, ambaye dunia inamjua kwa jina la Gado, alihamia Nairobi mwaka 1992 na kuchora katika Nation. Ally Masoud akamleta Kipanya. Mwishoni mwa miaka hiyo Eric Shigongo, mtu wa Buchosa, yaani mtoto wa Ziwa hili hili, alianzisha katika Dar es Salaam magazeti ya udaku yenye hadithi za mfululizo zilizoandikwa kwa kasi ambayo jarida la mwezi halikuweza kuikimbilia.

Na mji wa Mwanza wenyewe ulikuwa umebadilika. Viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa, mwalo wa Kirumba ukajaa watu wa kabila zote, pesa ikazunguka, na kijana aliyekuwa akingoja zamu yake kibandani kwa kinyozi sasa alikuwa na uwezo wa kununua magazeti matatu kwa siku moja na kuyatupa jioni. Alinunua, akasoma peke yake, akatupa. Hapakuwa na wa kumkataza asicheke mapema. Neno "Itaendelea" lilipoteza utisho wake, maana kama hii haikuendelea kesho, kuna nyingine tatu zitakazoendelea. Sani lenyewe, likijitahidi kwenda na wakati, lilibadilika umbo likawa gazeti, na wapenzi wake wa zamani waliliona mezani kwa muuzaji wakapita, kama mtu apitavyo mbele ya rafiki wa shule ambaye hana hakika kama bado wanafahamiana.

Kulikuwa pia na sababu nyingine, ndogo lakini yenye kuudhi. Mashirika na wafadhili waligundua kwamba watu wanapenda hadithi za picha, wakaamua kuzitumia kufundishia. Sina ugomvi na shabaha yao; mkoa huu, ambamo katika miaka ya 1990 ulifanyika uchunguzi mashuhuri ulioonyesha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa vijijini hupunguza maambukizi mapya ya UKIMWI, unajua vizuri thamani ya elimu ya afya. Lakini hadithi nyingi za namna hiyo zilikuwa na kasoro ya mabango ya zamani. Msomaji alijua tangu kisanduku cha pili nani ataugua na nani atanusurika, na aliyenusurika alikuwa na kidevu kile kile kilichoinuliwa. Mtu akilishwa vijarida kumi vya namna hiyo huanza kushuku kila mchoro wenye kiputo cha maneno, akitafuta pembeni nembo ya aliyelipa.

Basi shauku ilirudije? Ili kulijibu swali hili natoka katika karatasi niende uwanjani, kwa kuwa watu wa upande huu walikuwa na jibu kabla ya kuwa na majarida. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika tangu karne ya kumi na tisa katika vyama viwili vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, ambavyo waasisi wake ni Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa. Waasisi hao wamekufa zamani. Kila msimu baada ya mavuno watu bado huvuta watazamaji uwanjani kwa jina la mmoja au la mwingine, na wanaocheza hawajaribu hata kidogo kucheza kama Ngika alivyocheza. Huleta vituko vipya, sanamu mpya, nyoka, fisi, nyimbo za kejeli za mwaka ule. Mwaka mmoja Bagalu huwa dhaifu na watu huwakimbia, mwaka wa pili hupata manju hodari na watu hurudi. Mzee atakwambia bila haya kwamba aliwaacha miaka mitano kwa sababu walikuwa wabaya, kisha akarejea kwa sababu walikuwa wazuri, na wakati wote huo alikuwa Mgalu. Wala hakuna aliyewahi kulia kwamba chama kilikufa alipokufa Gumha. Vivyo hivyo hadithi za sungura: ni nani aliyewahi kukataa kumsikiliza sungura kwa hoja kwamba aliyemtunga hayupo?

Ndunguru, kwa kifo chake cha mapema, aliwatoa watu wake katika milki ya mtu mmoja akawaingiza katika milki ya wasimulizi. Sisi wasomaji hatukuliona hilo kwa wakati. Tulikuwa tumefundishwa na vitabu vya shule kwamba kila kazi ina mwandishi wake, tukaenda kumtafuta mwandishi katika kila kisanduku, na tulipomkosa tukafunga jarida. Waliorejea, nao si haba, hawakurejea kwa sababu mchoraji fulani alifanikiwa hatimaye kuuiga mkono wa marehemu; walirejea walipoacha kuutafuta. Nimewasikiliza watu wa rika hilo wakimzungumza Madenge mbele ya watoto wao, na kinachonishangaza ni kwamba hawasimulii toleo la Ndunguru wala la waliomfuata. Wanasimulia vituko ambavyo pengine havikuchapwa popote, vile vilivyotungwa kibandani wakati wa kungoja treni, vikachanganyika na vya karatasini hata visitengeke. Mtoto akisikia hutaka kuona picha. Baba huenda kwa wauza vitabu vikuukuu, kule Makoroboi au penginepo, akainama juu ya rundo la vitabu vya mitihani, na akipata nakala iliyochanika hununua bila kubishana bei. Akifika nyumbani huisoma mwenyewe kwanza, tena yote, pamoja na hadithi za waliofuata ambazo alizidharau zilipotoka, na huona kwamba hazikuwa mbaya. Zilikuwa za mtu mwingine tu.

Kusoma kwa mara ya pili huonyesha pia mambo ambayo usomaji wa kwanza, kwa haraka ya kujua mwisho, uliyapita. Kwa mwanafunzi wa tarehe, kurasa zile ni daftari la nchi iliyokuwa inapungukiwa karibu na kila kitu: bei, mavazi, lugha ya mitaani ambayo kamusi hazikuikubali, adabu kati ya mwenye nyumba na mpangaji, namna mume alivyorudi usiku na mke alivyomngoja. Nyaraka za Serikali za miaka ile zitatwambia kilichokusudiwa. Ukitaka kujua watu walicheka nini, huna pa kwenda ila huku.

Wageni wamelijua hilo kabla yetu. Jigal Beez wa Bayreuth ameandika juu ya hadithi za picha za Kiswahili tangu zile za mwanzo. Uta Reuster-Jahn, naye wa Ujerumani, amechunguza majarida ya burudani ya enzi ya Ujamaa. Na Emily Callaci wa Marekani alitoa mwaka 2017 kitabu juu ya maandishi ya mitaani ya Dar es Salaam, akiyachukulia kwa uzito ambao walimu wetu, waliokuwa wakinyang'anya Sani madarasani na kulichana, hawakuufikiria. Nawashukuru kwa kazi yao. Lakini ni aibu kwetu kwamba mtoto wa Mwanza atakayetaka kuandika habari za Lodi Lofa ataona ni rahisi kusoma juu yake katika Kiingereza kuliko kumpata mwenyewe katika Kiswahili. Sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala katika Maktaba Kuu, na huko kuna kilichohifadhiwa. Ila nakala za Dar es Salaam hazina alama za vidole vya Kirumba, wala majina ya waazimaji yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi pembezoni, wala muhuri wa duka lililoziuza, na hivyo ndivyo vitakavyomwambia mtafiti jarida lilisafiri vipi na lilisomwa na nani.

Kwa hiyo nawaomba wenye masanduku. Katika nyumba za Mwanza, Sengerema, Nansio, Musoma na Bukoba yamo majarida yaliyofungiwa chini ya nguo za marehemu, na kila mwaka mchwa na unyevu wa Ziwa hula sehemu yake. Yatoeni, myapeleke Maktaba ya Mkoa, au kwa padri wa makumbusho ya Bujora ambako ngoma za Bagika na Bagalu zimekwisha kupata hifadhi. Na wakutubi nao wasiyakatae kwa kuona kwamba ni vichekesho. Andikeni nyuma ya kila moja lilinunuliwa wapi, na mwaka gani kama unakumbukwa. Nakala moja yenye kurasa zake zote hufaa kuliko kumi zilizonyofolewa, lakini hata zilizonyofolewa zipelekwe, na zisigundishwe kwa uji wala kwa gundi ya karatasi, maana hiyo ndiyo chambo cha mende.